Kilimia katika Buruji ya Thauri

Miongoni mwa buruji 12, yaani makundi ya nyota ambayo jua huonekana kupita kati yake katika mwendo wa mwaka, Thauri ni mojawapo ya zile zilizoandikwa habari zake tangu kale. Wanafalaki wa Mesopotamia waliiita Fahali wa Mbinguni, na kwa karne nyingi kabla ya mwaka 2000 K.K. jua lilikuwa ndani yake siku ya machipuko ambapo usiku na mchana hulingana, hata ikawa alama ya kuanza kwa majira mapya.

Jicho la fahali huyo ni Dabarani, nyota kubwa yenye wekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, ambayo Waarabu waliipa jina lenye maana ya "mwenye kufuata", kwa kuwa huchomoza nyuma ya kishada kidogo cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia. Mwaka 1610 Galileo alionyesha kwa darubini kwamba kishada hicho, ambacho macho matupu huona nyota zake sita au saba tu, kina nyota nyingine zaidi ya 30.

Hata hivyo, jina Kilimia lina historia yake yenyewe, isiyotokana na fahali wala darubini, kwa maana limejengwa juu ya mzizi wa kitenzi "kulima", mzizi ambao umo pia katika "isiLimela" ya Waxhosa na "selemela" ya Watswana. Waxhosa walipokiona kikizuka alfajiri mwezi Juni walijua kuwa wakati wa kutayarisha mashamba umekaribia, na mwanamume alihesabu miaka yake tangu jandoni kwa kufuata mizuko hiyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki kishada hupotea magharibi mwezi Mei, masika ikiwa bado haijaisha, kisha huzuka mashariki mvua zikiwa zimekatika, na ndiyo maana wahenga walisema kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kwa hiyo, neno hili moja, linalosikika kutoka pwani ya Waswahili hadi kusini mwa bara, ni ushahidi wa thamani kubwa kwamba wakulima wa Kibantu waliisoma anga kwa uangalifu na kuihifadhi elimu hiyo ndani ya lugha zao, pasipo kitabu.