Aliyeondoa Giza Sebuleni

Elsie de Wolfe alikuwa mwigizaji wa jukwaani jijini New York, akisifiwa zaidi kwa mavazi yake ya Paris kuliko kwa uigizaji wenyewe. Kazi ya kupamba nyumba, iliyomjengea jina, ilianzia nyumbani kwake, Irving Place, alikokaa na mwenzake Elisabeth Marbury. Zipo picha mbili za chumba chao cha kulia. Katika ile ya 1896, mbao ni nyeusi, sahani zimetundikwa ukutani, mimea na vikorokoro vimebanana hata jicho halipati pa kutua. Katika ile ya 1898, mbao zimepakwa rangi nyeupe, viti ni vyepesi vya mtindo wa Kifaransa, na mwanga umeingia.

Wakati huo tajiri alipimwa kwa wingi wa vitu, na mapazia yake ya mahameli yalifungia jua nje. Elsie aliiona fahari penye nafasi.

Mwaka 1905 alikabidhiwa kupamba Colony Club, klabu ya wanawake wa tabaka la juu. Aliyempigia debe ni Stanford White, msanifu wa jengo hilo, ambaye aliuawa kwa risasi 1906, kabla klabu haijafunguliwa 1907. Kwangu mimi, chumba cha chai ndicho kilichobeba fikra yake yote: kuta zimefunikwa fito za kijani zilizopishanishwa kama uzio wa bustani, chini vigae, kando chemchemi, na viti vya henzirani. Vyumba vingine alivipamba kwa vitambaa vya pamba vyenye maua, ambavyo watu walidhani vinafaa nyumba za shamba tu.

Kisha akaja Henry Clay Frick, tajiri wa makaa na chuma, aliyekuwa akijenga jumba Fifth Avenue. Elsie akapewa vyumba vya juu vya familia, kwa kamisheni ya asilimia 10 ya kila alichomnunulia. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi Frick, akiwahi kucheza gofu, alivyopita kwa nusu saa katikati ya samani za kale jijini Paris akikubali kimoja baada ya kingine. Nusu saa hiyo ilimtajirisha Elsie.

Jumba hilo likawa makumbusho mwaka 1935, lakini wageni waliishia chini. Aprili 2025 ndipo walipofunguliwa ngazi za kwenda juu.