Karatasi za Ukoo wa Amerbach

Mtu akitaka kujua mambo ya universite ya kale, hufungua kwanza kitabu cha sheria zake na orodha ya marektori. Humo ataona majina makubwa. Taabu ya mwanafunzi asiye na fedha hataiona. Hiyo imo katika karatasi za nyumbani, nazo ndizo watu huzitupa upesi, ama mchwa huzila. Leo, wasomaji wapenzi, twawapasha habari za ukoo mmoja wa mji wa Basel, katika Uswisi, ambao haukuzitupa.

Universite ya Basel ilifunguliwa mwaka 1460, kwa ruhusa ya Papa Pio II. Johannes Amerbach, mpiga chapa, ndiye aliyetoa mwaka 1506 vitabu vya Mtakatifu Agostino. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Paris. Mwaka 1501 akawapeleka huko wanawe wawili, Bruno na Basilius. Barua zao zimebaki. Baba asema, someni kwa bidii, msipoteze fedha. Wana wasema fedha hazitoshi. Wazazi wengi wa kwetu watacheka, maana barua hizo wangeweza kuziandika wenyewe.

Mdogo wao, Bonifacius, akawa mwalimu wa sheria katika universite ya Basel, na rafiki mkubwa wa Erasmus wa Rotterdam. (Erasmus huyo alikaa pia Louvain, penye universite iliyozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954.) Misa ilipokatazwa Basel mwaka 1529, Erasmus alihamia Freiburg. Bonifacius alibaki, lakini kwa miaka kadhaa alikataa kushiriki karamu ya dini mpya. Erasmus alirudi mwaka 1535, akafa mwaka uliofuata, naye alimwachia Bonifacius mali yake pamoja na agizo: fedha zisaidie wazee na wagonjwa, wasichana maskini wapate kuolewa, na vijana wenye akili wapate kusoma. Bonifacius, na baada yake mwanawe aliyeitwa Basilius kama baba yake mkubwa, waliandika katika daftari fedha walizotoa. Ukoo ulikuwa na picha za Holbein, tena nzuri sana. Lakini kwetu sisi daftari lile lazipita zote. Humo twaweza kuona kama neno la marehemu lilitimizwa.

Basilius huyo wa pili alizidi kukusanya picha, sarafu, vitabu na barua. Alikufa mwaka 1591 bila kuacha mtoto, na vitu vyote vikaingia kwa jamaa ya dada yake. Mwaka 1661 vilikaribia kuuzwa Amsterdam. Kama vingekwenda huko, nani angejali karatasi za hesabu? Ndipo mji na universite wakatoa taleri 9,000, wakavinunua vyote, na mwaka 1671 wakavifungulia watu katika nyumba moja karibu na kanisa kuu.

Leo picha zimo katika nyumba ya makumbusho, na barua zimo katika maktaba ya universite. Kuanzia mwaka 1942 wataalamu walizitoa kwa chapa, kitabu baada ya kitabu, pamoja na zile za baba mwenye kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.