Nani alinde neno? Toka uvumi wa Kindu mwaka 1961 hadi simu za leo

  

Wazee walisema ulimi hauna mfupa. Leo ulimi umepata pia simu. Mtu akisema neno asubuhi kando ya mto Lualaba, kabla ya jua kuzama limekwisha kufika Goma, Kinshasa na Ulaya. Kwa hiyo watu wanauliza: Je, kila mmoja aachwe aseme anavyotaka? Kama kuna maneno ya kuzuiwa, nani ayazuie: serikali, kampuni zenye mitandao, ama sisi wenyewe? Swali hili si geni. Tufuate historia yake, tukianzia hapahapa nyumbani.

Kindu, Novemba 1961

Mwaka 1961 nchi yetu ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliopita. Patrice Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa huko Katanga, tarehe 17 Januari. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga, nayo ilikuwa na askari wa Kizungu wa kukodiwa. Kindu ilikuwa mikononi mwa askari walioshikamana na upande wa Stanleyville, mji ambao leo tunauita Kisangani. Watu waliogopa kwamba siku moja ndege ingeshusha wazungu wa Katanga. Hofu hiyo haikuwa ya bure, sababu vita vilikuwa kweli.

Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za Umoja wa Mataifa zilitua Kindu. Zilileta mizigo ya askari wa kulinda amani waliotoka Malaya. Waliokuja na ndege hizo walikuwa Waitalia 13. Wakadhaniwa kuwa ni Wabelgiji, askari wa miavuli waliokuja kupigania Katanga. Walikuwa wakila chakula walipovamiwa. Wote 13 waliuawa. Walizikwa Tokolote, na mwaka 1962 miili yao ilirudishwa kwao. Leo wamelazwa katika mji wa Pisa, na huko Italia jina la Kindu linakumbukwa kwa ajili ya siku ile.

Ndugu zangu, tuangalie vizuri jambo hili. Siku ile hapakuwa na Facebook wala WhatsApp. Ule uvumi ulitembea kwa miguu. Tena uvumi haukuumba hofu. Hofu ilikuwako tayari. Uvumi uliipa hofu ile jina na sura ya mtu: huyu ndiye adui. Hivi ndivyo maneno ya kuua yanavyofanya kazi mpaka leo. Yanachukua uchungu wa kweli, kisha yanaubandika juu ya mtu asiye na kosa.

Redio ya chuki na redio ya kujibu

Miaka 30 na zaidi baadaye, neno lilipata chombo kikubwa. Huko Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Ilipiga muziki mzuri, ilichekesha watu, vijana waliipenda. Lakini katikati ya muziki na mzaha ilifundisha kwamba jirani si mtu, bali ni mende. Toka Aprili 1994 ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, nao wakauawa.

Baada ya hapo dunia ilijiuliza: Je, mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya kusema tu? Mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha ilijibu tarehe 3 Desemba 2003. Iliwahukumu watu watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa ile redio, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Katika rufaa, tarehe 28 Novemba 2007, adhabu zilipunguzwa zikawa kati ya miaka 30 na 35. Majaji wa rufaa walieleza jambo ambalo wakubwa wetu wanapaswa kulishika: neno la chuki ni baya, lakini si kitu kimoja na mwito wa wazi wa kuangamiza watu. Mwito huo ni uhalifu wenyewe, hata kabla ya panga kuinuliwa.

Nasi Wakongomani tusinyooshe kidole kwa jirani tu. Agosti 1998, vita vilipoanza tena, redio huko Bunia ilihimiza wananchi washike mapanga, mikuki na mishale wawaue Watutsi. Maneno hayo yalitangazwa katika nchi yetu, kwa sauti za watu wetu.

Lakini historia ina upande wa pili. Agosti 1994, wakimbizi walipojaa Kivu, waandishi wa habari walianzisha Bukavu redio iliyoitwa Agatashya, maana yake ndege mbayuwayu. Haikushindana kwa matusi. Iliwapa wakimbizi na wenyeji habari zilizochunguzwa. Ilinyamaza Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu. Tena tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza, siku Wakongomani walipokutana Sun City kutafuta amani. Wakati ule nchi ilikuwa imekatwa vipande. Mtu wa Kindu hakuweza kumfikia ndugu yake wa Kinshasa. Redio moja, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba, ilivuka mistari ya vita. Uongo haukumalizwa kwa kufunga midomo peke yake. Ulipunguzwa nguvu kwa sababu watu walipata mahali pa kuuliza ukweli.

Simu imeingia

Zamani redio ilikuwa na mnara, mkurugenzi na leseni. Ulijua umshitaki nani. Leo kila mwenye simu na mega kidogo ni kituo cha redio.

Juni 2022, vita vya M23 vilipokuwa vimewaka tena Kivu ya Kaskazini, maneno ya chuki juu ya wasemao Kinyarwanda yalienea sana, hata Umoja wa Mataifa ukatoa onyo mwezi huo. Na mwezi huohuo, Kalima, hapa Maniema, umati ulimuua mtu mmoja wa jamii ya Banyamulenge. Kalima si mbali. Ni mji wetu wa madini, katika teritwari ya Pangi. Vita vilikuwa mbali sana, lakini kifo kilifika. Hofu ya kweli ilipewa tena sura ya mtu aliye karibu, kama Kindu mwaka 1961.

Je, kampuni zenye mitandao hazioni? Zinaona kwa sehemu. Facebook ina mashine zinazotafuta maneno mabaya, na ina wafanyakazi wanaoangalia yale ambayo watu wameshitaki. Kwa Afrika ya Mashariki, kazi hiyo ilifanywa Nairobi toka 2019 hadi mwanzo wa 2023 na kampuni ya Sama, kwa niaba ya Meta, mwenye Facebook. Wafanyakazi hao walitazama picha za mauaji siku nzima na kuamua upesi: hii ibaki, hii iondoke. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi, akisema kazi hiyo ilimwumiza akili na mishahara ilikuwa midogo. Wenzake wengi walifuata mwaka 2023.

Kesi nyingine inatoka Ethiopia. Profesa Meareg Amare wa Bahir Dar aliandikwa katika Facebook kama adui, Oktoba 2021. Mwanawe aliiomba kampuni iyaondoe maandishi hayo. Tarehe 3 Novemba 2021 profesa aliuawa mbele ya nyumba yake. Mwanawe alishitaki Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 mahakama ya Kenya ilisema ina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo, ingawa kampuni ni ya Marekani.

Tukumbuke pia lugha zetu. Mtu akitukana kwa Kilega, Kikusu, Kibangubangu ama kwa Kiswahili chetu chenye mafumbo, mashine ya mbali itafahamu nini? Na ndani ya WhatsApp ujumbe umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Hapo mlinzi ni yule anayeongoza kikundi, na kila mmoja aliyemo. Tusingojee mlinzi wa mbali.

Kunyamazisha wote si dawa

Wengine watasema: basi serikali ikate mtandao wote. Tumekwisha kuyaona hayo. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ikakatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku iliyofuata uchaguzi, karibu siku 20. Je, uvumi ulikufa? Hapana. Mtandao ukizimwa, ile tunayoita radio trottoir, redio ya kando ya barabara, inapata nguvu zaidi, sababu hakuna tena wa kuikanusha. Na mama anayemtafuta mtoto wake aliyepotea njiani anakosa hata njia ya kuuliza.

Sheria nayo ni kisu chenye makali pande mbili. Toka tarehe 7 Juni 1966 tuna sheria inayomwadhibu anayeonyesha chuki ya rangi ama ya kabila. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake, akiheshimu sheria. Tarehe 13 Machi 2023 ikaja sheria kubwa ya mambo ya mitandao, inayoadhibu pia uongo unaotangazwa kwa njia hiyo. Ni vema chuki iadhibiwe. Lakini Septemba 2023 mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, akishitakiwa kwamba alieneza habari za uongo, kwa ajili ya makala isiyo na jina lake. Alikaa gerezani miezi sita, hadi Machi 2024. Wengi waliuliza: sheria hii inawalinda wananchi, ama inawalinda wakubwa?

Kwa hiyo tutenganishe mambo matatu. Mtu anayesema, «Kikaratasi changu cha chakula kimeuzwa,» ama «Askari walichukua mbuzi wangu,» huyo analalamika. Asifungwe mdomo, hata kama mkubwa anachukia. Mtu anayesema, «Nimesikia adui wamevuka mto,» huyo analeta uvumi. Aulizwe, na habari ichunguzwe. Lakini mtu anayesema, «Kabila fulani wote watoke ama wafe,» huyo anaita damu. Huyo azuiwe mara moja, na apelekwe mbele ya sheria.

Mkimbizi anahitaji yote mawili. Anahitaji kinga, sababu ni rahisi kumwita mgeni kuwa mpelelezi. Anahitaji pia sauti, sababu asiyeweza kulalamika ataibiwa hata kile kidogo alichopewa. Tukimlinda kwa kumnyamazisha, hatukumlinda.

Kazi yetu sisi

Kwanza, kabla ya kutuma ujumbe, uliza: Nani ameona kwa macho? Wapi? Siku gani? Katika WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili midogo juu yake umepita mikono mingi, usiuamini upesi. Picha ya maiti isitumwe kabisa. Yule ni mtoto wa mtu.

Pili, anayeongoza kikundi cha WhatsApp ni kama mwenye nyumba. Mgeni akileta petroli na kiberiti, mwenye nyumba hasemi «si mimi niliyeleta». Amwonye, afute ujumbe, na kama hasikii, amtoe. Lakini asimtoe mtu kwa sababu amemsema chifu.

Tatu, wakubwa wa vijiji na wakuu wa kata, msikae kimya uvumi ukitembea. Kimya cha mkubwa watu wanakifasiri kuwa ni ndiyo. Kaeni na wawakilishi wa wenyeji na wa wakimbizi, wanaume na wanawake, watu wanaoaminiwa pande zote mbili. Ikija habari ya kutisha, watu hao wapelekwe kuichunguza, kisha majibu yatangazwe siku ileile sokoni, kanisani, msikitini na redioni. Hata kama jibu ni «bado hatujajua», lisemwe.

Nne, yule aliyetajwa kwa jina kuwa adui alindwe kwanza, maneno yachunguzwe baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu aliye hai anaweza kuombwa radhi.

Waitalia 13 walikuwa na makaratasi yao na ndege zao za Umoja wa Mataifa. Walikosa nafasi ya kuulizwa. Tumpe kila mtu nafasi hiyo ya kuulizwa na ya kujibu. Hapo neno litakuwa na mlinzi, na mlinzi huyo hatakuwa mbali.

 

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, uvumi gani uliwahi kuwatia watu hofu? Nani aliuchunguza, na baada ya muda gani?

2. Je, mkimbizi anaweza kulalamika mbele ya wakubwa bila woga? Kama hawezi, ni nini kinamzuia?

3. Mkichagua watu watano wa kuchunguza habari za kutisha, mtawachagua nani ili wenyeji na wakimbizi wote wawaamini?