Tembe na Bati

Wako wanaosema tembe ni nyumba ya kishamba. Mimi, mwalimu mstaafu wa hapa Kintinku, sikubaliani nao. Mgogo alijenga akiijua nchi yake: jua kali, upepo mwingi, mvua haba. Kuta za udongo na paa bapa la miti na udongo vilizuia joto la mchana. Ua ulilinda ng'ombe. Tangu vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970, bati limezidi kushika nafasi ya tembe. Halitaki kukandikwa kila mwaka, lakini saa nane mchana darasa la bati huwa tanuri.

Je, usasa lazima usahau mahali? Msanifu majengo Beda Amuli alijibu kwa Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Lilikuwa la zege, lakini paa lake la miavuli mikubwa lilileta kivuli na hewa, na kuteremsha maji ya mvua hadi matangi ya chini. Soko liliungua mwaka 2021. Fundisho lake limebaki.

Basi bati tusilikatae. Tuliwekee dari, baraza pana na tangi la maji. Hilo ndilo tembe la leo.