Mkono, Inchi na Meta: Habari za Vipimo vya Seremala

Kila fundi aunganishaye mbao mbili hupima kabla ya kukata, na kila apimaye hufuata kanuni ya watu waliomtangulia. Twataka kueleza jinsi kanuni tatu zilivyokutana katika karakana za nchi zetu. Maana mwalimu wa useremala hana budi kuchagua, naye asiyejua asili ya vipimo huchagua kama apapasaye gizani.

Kanuni ya kwanza ni ya mwili. Watu wa pwani walipima kwa wanda, yaani upana wa kidole; kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba hata ya kidole cha mwisho; kwa mkono, ambao ni shibiri mbili, toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati; na kwa pima, ambayo ni mikono minne, mtu anyoshapo mikono yake yote miwili. Shibiri na dhiraa ni maneno ya Kiarabu, lakini pima yatokana na kupima, neno la Kibantu. Tusikidharau kipimo hiki. Waunda majahazi walitengeneza vyombo vilivyovuka bahari pasipo ramani ya karatasi. Fundi mmoja akitumia mkono wake mmoja katika chombo kimoja, hana taabu. Taabu huanza wawili wasiolingana kimo washirikipo kazi moja. Tena palikuwa na mkono kamili na mkono konde, uishao kwenye vifundo vya vidole vilivyofumbwa. Basi iliwapasa wapatanao kuambiana kwanza ni upi.

Kanuni ya pili ni ya inchi na futi, iliyokuja pamoja na vyombo vya Waingereza. Hiyo nayo ina asili ya mwili, kwa kuwa futi maana yake ni mguu. Na inchi yatokana na neno la Kilatini lenye maana ya sehemu ya kumi na mbili. Mafundi waliipenda, na si bila sababu: kumi na mbili hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita, na inchi hukatwa nusu, robo na thumuni kwa urahisi.

Kanuni ya tatu ni ya meta. Wataalamu wa Ufaransa walitaka kipimo kisichotoka katika mwili wa mtu, bali katika dunia yenyewe. Delambre na Méchain wakapima nchi toka Dunkerque hata Barcelona, mwaka 1792 mpaka 1798, ili meta iwe sehemu moja katika milioni kumi za mwendo wa toka ncha ya kaskazini hata ikweta. Jina lake ni la Kiyunani, maana yake kipimo tu. Basi meta na pima ni ndugu kwa maana, ijapokuwa si kwa damu.

Ujerumani iliifanya meta kuwa sheria mwaka 1872, na reli yao ya Dar es Salaam hata Kigoma, iliyokamilika mwaka 1914, ina upana wa meta moja. La ajabu ni kwamba reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza toka Mombasa hata ziwani, mwaka 1896 mpaka 1901, nayo ilikuwa na upana uo huo, kwa kufuata desturi ya reli za India. Hivyo wenye futi walijenga njia ya meta. Baada ya vita ya kwanza Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na inchi ikatawala karakana. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zikaigeukia meta.

Lakini sheria hubadilika kwa siku moja, na sanduku la vyombo hurithiwa na mwana. Hata leo mbao huitwa mbili kwa nne, na plaiwudi huuzwa futi nne kwa nane, ijapokuwa unene wake huandikwa kwa milimeta. Tangu mwaka 1959 inchi imewekwa kuwa milimeta 25.4 kamili. Patasi ya robo tatu ya inchi, basi, ni milimeta 19.05. Mwanafunzi akichimba mfereji kwa patasi hiyo, kisha akatia ubao wa milimeta 18, pengo hupita milimeta moja, na rafu hulegea. Mwalimu humwita mvivu, na kumbe mikono yake ilikuwa safi. Nao ubao uliokatwa haurudi, wala fedha ya mzazi aliyeununua.

Kwa hiyo twaona kwamba swali si kipimo gani ni cha kweli kuliko kingine. Vyote ni mapatano ya watu. Mwalimu na achague meta, kwa kuwa ndiyo sheria ya nchi na hesabu ya shuleni. Lakini asivitupe vyombo vizuri vya inchi. Avipime kwa milimeta, aandike upana wake kwenye mpini, na unene wa kila ubao upimwe wenyewe kabla ya kuchimba. Katika kazi moja rula iwe moja tangu mwanzo hata mwisho, maana mafahali wawili hawakai zizi moja.