Rangi na Alama za Ndege za Upelelezi katika Vita ya 1914–1918: Kilosa na Jirani Zake

Vita Kuu ya Kwanza hutajwa katika historia ya makanisa yetu kwa sababu moja kubwa: ndiyo iliyowatenga wamisionari wa Kijerumani na kazi yao, hata wakaondolewa nchini mwaka 1920. Lakini vita hiyo ilipita Kilosa yenyewe, kwa reli na kwa miguu, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii vita ilikuwa pia angani. Sehemu hii inaeleza habari moja ndogo ya siku zile, yaani rangi na alama zilizopakwa kwenye ndege za upelelezi. Habari ni ndogo, ila inaonyesha ni nani aliyefikiriwa kuwa anatazama juu, na ni nani hakufikiriwa kabisa.

Tarehe 22 Agosti 1916 askari wa Jenerali van Deventer, waliokuwa wakiifuata Reli ya Kati kutoka Dodoma kupitia Mpwapwa, waliingia Kilosa. Siku nne baadaye majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Morogoro. Ndege zilizoyatumikia majeshi hayo zilikuwa hasa za Kikosi cha 26, kilichofika Mombasa mwezi Januari mwaka uleule, na wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini. Kilitumia ndege za B.E.2c, zilizoundwa kwa mbao na kitani, na za Henri Farman zenye mifupa ya chuma. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na ndege moja tu, ya rubani Bruno Büchner, aliyekutwa na vita hapa alipokuja kuonyesha ufundi wake. Ndege hiyo iliharibika mapema. Kwa hiyo mtu wa Kilosa aliyeinua macho mwaka 1916 akaona ndege, aliona ndege ya Mwingereza. Hapakuwa na nyingine.

Hapo linazuka swali. Kama adui hana ndege, alama ya kutofautisha ni ya nini?

Jibu tunalipata Ulaya. Vita ilipoanza mwaka 1914, ndege ya Mwingereza ilipigwa risasi na askari wake mwenyewe mara kwa mara, maana askari aliye shimoni alipiga kila kitu kilichoruka. Ikaamriwa bendera ya Uingereza ipakwe chini ya mabawa. Lakini ukiwa mbali, msalaba mwekundu ulio katikati ya bendera ile huonekana kama msalaba wa Wajerumani, na hatari ikabaki palepale. Mwishoni mwa mwaka huo Waingereza wakaazima maduara ya Wafaransa na kuyageuza: buluu nje, nyeupe kati, nyekundu ndani kabisa, ambapo Mfaransa alianza na nyekundu nje. Ndege za majini za Uingereza zilikuwa na alama nyingine, pete nyekundu yenye weupe katikati, mpaka mwaka 1915 zilipofuata maduara hayo. Usukani wa mkiani ulipigwa milia ya rangi hizohizo tatu, na ubavuni ikaandikwa namba ya ndege. Nyingine zilibeba na jina la waliozichangia fedha. Iko ndege ya F.E.2b iliyoruka Ufaransa mwaka 1916 ikiwa imeandikwa “Zanzibar No. 1”.

Maduara hayo basi yalikuja nasi huku yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya macho ya rafiki mwenye bunduki.

Rangi ya mwili wa ndege nayo ina hadithi yake. Wengi hudhani ilikuwa ya kuificha tu. Kitani cha mabawa kilipakwa dawa ya kukikaza, na ndege za mwanzo ziliachwa na rangi ya maziwa ya kitani chenyewe. Jua huoza kitani. Ndipo ikatengenezwa rangi ya kahawia-kijani, iliyochanganywa udongo wa manjano wenye chuma pamoja na masizi, ili kuuzuia mwanga usiufikie uzi. Na kwa nchi za joto kali ikawapo nyingine yenye wekundu. Anayelijua jua la Kilosa la mwezi Oktoba hatashangaa kwamba adui wa kwanza wa mabawa alikuwa juani, wala si porini.

Chini ya mabawa hayo walipita watu ambao alama ile haikuwaambia neno. Barabara ilipokatika, chakula na risasi vilibebwa vichwani mwa wapagazi. Waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Baadhi yao walivishwa kisahani cha chuma chenye namba. Lakini wengi, hasa waliochukuliwa njiani katika nchi iliyotekwa, hawakuandikwa vizuri popote. Hata leo mtafiti anaweza kuitafuta ndege ya B.E.2c kwa namba yake ya mkiani na kujua ilikoishia. Mpagazi aliyechukuliwa kijijini kwake mwaka huohuo hawezi kumtafuta hivyo, na mwandishi wa sehemu hii anaona jambo hilo ni zito kuliko habari zote za rangi zilizotangulia.

Maduara yalibadilika tena katika vita ya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, na ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika. Huko kiini chekundu kilikuwa kimeondolewa katika ndege za Uingereza, ikabaki buluu na rangi nyeupe au buluu hafifu, kwa kuwa Wajapani walipaka duara jekundu tupu. Safari hii baadhi ya wenye bunduki waliotazamiwa kuisoma alama hiyo kutoka chini walikuwa watu wa nchi hii.