Minazi Yangu, Udongo Una Mwenyewe

Njia ya zamani ya kutoka Vanga kwenda Likoni sehemu kubwa imelala chini ya lami. Nilipanda matatu Lunga Lunga asubuhi, nikafuata kwa kitako njia ambayo wengine waliipita kwa miguu, minyororo shingoni.

La ajabu ni kwamba kilichowaongeza njiani ni sheria ya kuwakomboa. Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash wa Zanzibar, baada ya Waingereza kumtishia kumzingira kwa manowari, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini. Soko la Mkunazini likafungwa. Wenye biashara wakayaacha majahazi, wakashika nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini. Mwingereza Frederic Elton alipokuwa safarini huko kusini alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 katika muda wa mwezi mmoja hivi. Barghash akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876, safari hii ya kuzuia misafara ya nchi kavu.

Shimoni nilichepuka kuliona pango. Watembezi husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri vyombo. Wazee wengine wanasema lilikuwa maficho Wamasai walipovamia, na pia mahali pa mizimu. Sikuona haja ya kuchagua. Shimo halimuulizi anayeingia kama amekimbia au amekamatwa.

Lakini swali lililonileta, la nani alipata ardhi, lilikuwa Msambweni, chini ya minazi. Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Huku mwambao wa bara watu walingoja hadi 1907. Mabwana wakaruhusiwa kudai fidia serikalini. Walioachwa huru hawakuandikiwa chochote. Nikamkumbuka Tsar Alexander wa Pili wa Urusi, aliyewaacha huru wakulima zaidi ya milioni 20 mwaka 1861. Wale walipewa ardhi, japo kwa deni la kulipwa miaka 49, deni lililowakamua hadi likafutwa mwaka huohuo wa 1907. Tunamlaumu tsar kwa kuwauzia watu wake ardhi ghali. Mzalia wa Msambweni hata ya kuuziwa hakuiona.

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye dai katika ukanda wa pwani wa maili 10 alete ushahidi, kisichodaiwa ni mali ya serikali. Mtumwa wa jana angeleta ushahidi gani? Alikuwa na jembe, na pengine minazi aliyoipanda kwa ruhusa, maana hapa mwambao mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Mzee mmoja aliyenipa dafu alinieleza jambo hilo bila uchungu wowote: "Minazi yangu, udongo una mwenyewe." Sikumuuliza babu zake walitoka wapi. Huku swali hilo haliulizwi hadharani.

Gazi iko mbele kidogo. Hapo ndipo alipotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa, kisha mwaka 1895 akawaasi Waingereza pia. Kati ya wafuasi wake walikuwamo watumwa na watoro, wenye bunduki mkononi. Kwa baadhi yao, kumfuata mwasi ulikuwa uhuru wa karibu kuliko wa karatasi. Aprili 1896 alivuka mpaka kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Wakati huo kampuni ya East African Estates ilikuwa imeshapewa maelfu ya ekari upande huu wa kusini. Hiyo haikuombwa ushahidi wa jembe.

Matatu ilipokaribia Ukunda, njia panda ya Diani, nilianza kusoma mabango ya viwanja barabarani. Robo ekari. Nusu ekari. Karibu na bahari. Hati miliki ipo.